Jina likae ndani ya faili

Baba alikuja Dar mwezi wa tatu kutibiwa macho, akakaa kwangu Tabata wiki sita. Siku ya pili tu tumemaliza kula usiku akaniambia mama, si una kompyuta imejaa nyimbo wewe, hebu niwekee ule wa Gurumo akiwa Sikinde, ule gitaa linatembea lenyewe kwanza afu waimbaji ndo wanaingia. Nikachukua laptopu nikachomeka eksitenali, maana nyimbo ninazo, nimekusanya tangu niko chuo, nikaandika Gurumo, jina la mwimbaji, kwenye kutafuta zikaja tatu, zote za Msondo, bendi yake nyingine. Nikaandika Sikinde zikaja kumi na mbili, tukasikiliza mwanzo wa kila moja, baba anatikisa kichwa tu, sio huo, sio huo. Nikaandika Mlimani Park, ndo hiyohiyo Sikinde, zikaja nyingine, sio. Ikapita nusu saa. Baba akasema basi mama acha, tutautafuta kesho, akaenda kulala.

Niliupata kesho yake mchana yeye akiwa kliniki, na sikuupata kwa kutafuta, niliupata kwa kufungua mafaili moja moja. Ulikuwa ndani ya folda inaitwa New Folder (3), faili linaitwa Track 07, msanii ameandikwa Unknown Artist. Nilikuwa nao huo wimbo miaka yote hiyo. Nimeuhamisha kutoka laptopu ya kwanza kwenda ya pili kwenda ya tatu, nimeulipia nafasi kwenye diski, na siku mzee wangu anauomba nashindwa kumpa. Iliniuma sana, nikaamua wiki hizo sita zisiishe bure.

Nilihesabu, yalikuwa mafaili 11,400 na kidogo. Ukiniuliza yalitoka wapi ntakwambia kila mahali. Kuna ya kwenye vile vibanda vya kuingiziwa nyimbo, unatoa memori kadi na hela jamaa anakumwagia nyimbo mia tatu kwa mpigo, majina kaandika yeye kwa haraka. Kuna za kurushiana kwa Bluetooth bwenini, kuna CD za kuchoma, kuna zilizorekodiwa redioni mpaka mtangazaji anasikika anasoma saa. Afu kuna za kushusha kwenye mitandao, hizo ndo mbaya kuliko zote kwasababu wenye tovuti wanaandika jina la tovuti yao kwenye sehemu ya msanii, kwenye albamu, kwenye maoni, mpaka picha ya albamu wanaweka nembo yao. Msanii kahangaika studio afu ukicheza wimbo wake kwenye gari kioo kinakuonyesha jina la tovuti.

Sasa kitu ambacho nlikuwa sikijui vizuri, na naona watu wengi hawakijui, ni kwamba wimbo una majina mawili. Kuna jina la faili, lile unaloliona kwenye folda, na kuna jina lililoandikwa ndani ya faili lenyewe, yaani tagi. Programu ya kuchezea muziki inasoma la ndani. Ndo maana unaweza kubadilisha jina la faili ukaandika vizuri kabisa, ukilifungua kwenye pleya bado linasema Track 07. Na ndo maana kutafuta kulinishinda, nlikuwa natafuta jina ambalo halikuandikwa popote ndani.

Hizi tagi za MP3 zinaitwa ID3, zilianza 1996, na toleo la kwanza lilikuwa dogo mno, baiti 128 tu zinazobandikwa mwisho wa faili. Humo kichwa cha wimbo kimepewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30. Nilielewa maana yake nilipochomeka flashi kwenye redio ya gari ya shemeji, redio ya zamani inayosoma toleo hilo la kwanza. Nlikuwa nimeandika Mbaraka Mwinshehe & Orchestra Super Volcano, kioo kikaandika Mbaraka Mwinshehe & Orchestra, kikaishia hapo. Nikahesabu kwa kidole, ukifika mwisho wa neno Orchestra na nafasi yake ni 30 kamili. Super Volcano yote imebaki nje! Na kwa mtu anayeufuata muziki huu Super Volcano ndo habari yenyewe, maana Mbaraka wa Morogoro Jazz na Mbaraka wa Super Volcano baada ya 1973 ni vipindi viwili tofauti. Toleo la pili lililokuja 1998 halina hiyo shida, unaandika urefu unaotaka. Kwahiyo saivi mi nahakikisha programu inaandika toleo la pili, na kwa ajili ya redio za zamani kama ile naweka jina la bendi mbele.

Kabla sijaendelea niseme kwanini nang'ang'ania ndani ya faili. Miaka kadhaa nyuma nlikuwa na programu moja ya kuchezea muziki, siitaji jina, niliipenda sana. Nilipanga humo kila kitu, nyota za kila wimbo, pleilisti za safari, za kupika, za kufulia, nilitumia miezi. Siku moja umeme ukakatika na laptopu betri yake ilishakufa, ikazima ghafla. Kuwasha, ile programu inafunguka tupu. Nyimbo zipo kwenye diski, ila kazi yangu yote ilikuwa kwenye faili moja la hifadhi ya ile programu na hilo faili limeharibika. Nilikaa chini sakafuni. Toka siku hiyo kitu chochote ninachokijua kuhusu wimbo nataka kiandikwe kwenye wimbo wenyewe, ili nikihama programu, nikihama kompyuta, hata nikimpa mtu flashi, wimbo uende na habari zake. Kwahiyo ukichagua programu cha kwanza angalia kama nyota na maelezo inayaandika ndani ya faili au inajiwekea yenyewe pembeni.

Kazi nilianza na Mp3tag. Ni programu ya bure kwa Windows, nyepesi, haichezi muziki, kazi yake ni tagi tu. Unaiburutia folda inakuonyesha mafaili yote kwenye jedwali, na ukichagua mia mbili kwa pamoja ukaandika jina la bendi mara moja ukasevu, yote mia mbili yamepata. Raha yake kubwa ni kwamba kama jina la faili lipo sawa, mfano bendi, kistari, wimbo, unaiambia mpangilio uko hivo, inachukua jina la faili inalimwaga ndani ya tagi kwa folda nzima. Kinyume chake pia, tagi ikiwa sawa inakupa jina zuri la faili. Yale majina ya tovuti niliyafuta kwa ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha, unaandika neno usilolitaka, kulia hakuna kitu, unabonyeza, mafaili elfu mbili yanasafishwa huku unakunywa chai. Ila jamani nakala kwanza! Fanya kwenye nakala. Mi mara ya kwanza nilikosea mpangilio, kichwa na msanii vikabadilishana nafasi kwenye nyimbo mia nne, na bila nakala ningekuwa nalia mpaka leo.

Hapo nilimaliza kama nusu. Zikabaki zile za Track 01, Track 02, AUD-namba ndefu, yaani faili lisilo na neno lolote la kukusaidia. Hizo nikapeleka kwenye MusicBrainz Picard.

Hii Picard inafanya kitu ambacho mara ya kwanza nilihisi kama uchawi. Inasikiliza sauti ya wimbo, inatengeneza alama yake kama alama ya kidole, inaipeleka mtandaoni kwenye hifadhi inaitwa AcoustID kulinganisha, na kama kuna mtu popote duniani alishawahi kuweka alama ya wimbo huo basi unaletewa jina, msanii, albamu, mwaka, hata picha. Haijali umeandika nini. Bando inakula kidogo kwasababu haitumi wimbo, inatuma alama tu. Na nyuma yake kuna MusicBrainz, hifadhi ya majina ya muziki iliyoanza 2000, ilianzishwa na Robert Kaye baada ya ile hifadhi nyingine ya majina ya CD, iliyojazwa na watu kwa kujitolea, kugeuzwa biashara. Hii yeyote anaweza kuongeza na kusahihisha. Kumbuka hilo, ntalirudia.

Bongo fleva Picard ilizimeza nyingi tu, na za Kongo zilizotoka kwenye CD zilikuja na maelezo mpaka nikashangaa. Ila dansi letu la zamani, hapo ilinigawia vitu vya ajabu. Kwanza wimbo ukiwa umepatikana, mara nyingi inaurudisha kwenye mkusanyiko wa CD uliotolewa Ulaya miaka ya tisini, kwahiyo mwaka unaandikwa 1990 na kitu wakati wimbo ulipigwa Radio Tanzania miaka ya sabini na kitu. Pili, nyingi hazipo kabisa. Na tatu, hizi zilizotoka kwenye kanda hazitambuliki hata kama zipo, nilikuja kujua kwanini baadaye, ntawaambia.

Afu kuna hili la jazi. NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Vijana Jazz, Tabora Jazz. Wazee wetu waliita bendi zao jazi, ila wanachopiga ni dansi, ni rumba yenye mwendo wetu. Sasa aliyejaza mtandaoni anaona neno Jazz, aina ya muziki anaandika Jazz. Mi nikifungua aina ya Jazz kwenye laptopu nakutana na tarumbeta za New Orleans halafu Morogoro! Ile orodha ya mwanzo ya ID3 ilikuwa na aina 80 za muziki, polka imo, ni namba 75, ila taarabu haimo na dansi haimo. Toleo la pili linakuruhusu kuandika aina yako mwenyewe kwa maneno, kwahiyo niliandika Dansi, nikaandika Taarabu, nikaandika Mchiriku, nikaandika Kwaya. Nilivyoona hayo maneno yamejipanga upande wa kushoto wa kioo nilifurahi kweli kweli. Muziki wako unaitwa jina lake.

Ila kazi iliyonichukua siku nyingi ni majina ya bendi. Chukua Msondo. Ilianza 1964 kama NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika kikawa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikaja kuwa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Leo inaitwa Msondo Ngoma. Ni bendi ileile, mti mmoja, na kwenye diski yangu ilikuwa vijiti vinne tena kila kimoja kimeandikwa namna tatu, Nuta, N.U.T.A., Nuta Jazz Band. Programu haijui hayo mambo, kwake hao ni wasanii kumi na mbili. Je uandike wote Msondo? Nilifanya hivo siku ya kwanza, baba akakataa. Akasema NUTA ni NUTA, ukiandika Msondo kwenye wimbo wa 1970 umedanganya. Na yuko sahihi, ila mi nataka nikibonyeza Msondo nione wote.

Dawa yake ni kwamba programu zinatofautisha msanii wa wimbo na msanii wa albamu, ile sehemu inayoandikwa Album Artist. Watu wengi wanaiacha wazi. Mi kwenye msanii wa wimbo naandika jina la wakati ule, NUTA Jazz, na kwenye Album Artist naandika Msondo Ngoma. Nikivinjari kwa msanii wa albamu wote wako nyumba moja, wimbo ukicheza unaonyesha jina lake la zamani. Sehemu hiyohiyo ndo inatibu ugonjwa wa mikusanyiko, ile CD moja yenye bendi kumi na tano inayokutokea kama albamu kumi na tano zenye wimbo mmoja mmoja. Jaza Album Artist Wasanii Mbalimbali kwenye zote, inarudi kuwa albamu moja hapohapo.

Vilevile Zanzibar. Mila na Utamaduni na Culture Musical Club ni watu haohao, tangu 1958. Ikhwani Safaa, wale wa tangu 1905, nlikuwa nao kwa maandishi sita, Akhwan, Ikhwan, Nadi, na mwingine kaandika Malindi peke yake. Chagua tahajia moja ushike hiyo, basi.

Sasa waimbaji. Hapa ndo nilipoelewa kwanini niliushindwa wimbo wa baba. Baba hatafuti kwa jina la wimbo, majina ya nyimbo hayakumbuki nusu yake. Anatafuta kwa sauti ya mtu na bendi aliyokuwepo. Na waimbaji wetu walihama! Muhidin Gurumo alikuwa NUTA, ikawa JUWATA, akatoka, 1978 yumo kwenye kuanzisha Mlimani Park, 1985 akaenda Orchestra Safari Sound (OSS), baadaye akarudi zake Msondo. Hassan Bitchuka naye hivohivo, huku na huku. Kwa mashabiki wa rika la baba Gurumo akiwa Sikinde na Gurumo akiwa OSS ni ladha mbili. Sehemu ya msanii ikishaandikwa bendi, mwimbaji anapotea, na kichwa cha wimbo hakimtaji.

Kwahiyo nikaongeza sehemu zangu. Programu ninayochezea ni MusicBee, ya Windows, bure, na inakuruhusu kutengeneza tagi zako mwenyewe. Nikatengeneza Mwimbaji, nikatengeneza Solo kwa mpiga gitaa, na sehemu ya maoni nikaiacha kwa ajili ya maneno ya baba. (foobar2000 nayo inaweza hayo, na kama laptopu yako ni ya zamani RAM ndogo nakushauri hiyo, ipo tangu 2002 na ni nyepesi kuliko zote nilizojaribu, ila utaipanga mwonekano wake mwenyewe.)

Ikawa kila jioni baada ya magharibi, baba kakaa kwenye kochi na kitambaa chake cha kufutia macho, taa tumepunguza kwasababu dokta kasema, mi mezani na laptopu. Nacheza wimbo. Sekunde tano, kumi. Anasema hao Western, sikiliza hiyo besi. Naandika. Nacheza mwingine. Huyo Marijani, bado yuko Safari Trippers, bado hajaenda Dar International. Unajuaje baba? Sauti mama, sauti. Hakuwa anaona kioo, macho yote mawili yana dawa, na alikuwa anatambua kuliko Picard. Mwingine anaanza kucheza ananyamaza mpaka unaisha, nafikiri hajui, kumbe anasema hii nilikuwa Mikumi, lori limeharibika, redio ndo ilikuwa inapiga hii, weka nyota tano. Nikaweka, na kwenye maoni nikaandika Mikumi, lori. Saivi ukifungua wimbo huo hayo maneno yapo ndani yake.

Tulikuwa tunamaliza sitini, sabini kwa jioni. Mara nyingine tunabishana, nakumbuka wimbo mmoja baba alisema ni bendi ya Maquis, mi nikasema sio, tukampigia baba mdogo Morogoro kwa spika ya simu tukampigisha wimbo, akasema ni Maquis, msimsumbue kaka.

Kanda zake alikuja nazo pia, begi zima, niliomba mwenyewe azilete. Deki niliazima kwa jirani. Usiingize kanda kwenye deki iliyokaa miaka bila kusafisha, chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti, futa kile kichuma kinachogusa utepe na ile roli ya mpira mpaka pamba itoke nyeupe, yangu ilitoka rangi ya kahawa mara nne. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la deki unaingia kwenye kompyuta, na kama laptopu yako ina tundu moja tu, nunua kile kidude cha sauti cha USB. Unarekodi na Audacity, hiyo nayo bure, angalia kipimo kisifike mwisho, acha kilele kicheze kwenye desibeli -6 hivi maana sauti ikishapasuka haiponi. Kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Sevu kwa FLAC, ni muundo unaobana bila kutupa kitu chochote cha sauti, kanda ya saa moja inakuja kama MB 300. Ukitaka MP3 utatoa baadaye kutoka hapo. Usifanye kinyume, kuchukua MP3 ya kbps 128 ukaigeuza kuwa 320 haiongezi kitu, unaongeza uzito wa faili tu, kilichotupwa kimeshatupwa.

Sasa kanda ya tatu inacheza, baba akanyanyua mkono, simamisha. Anasema huyu sauti yake sio hii, mbona kawa mtoto. Mi sisikii tofauti. Akasema rudia, nikarudia, akasema hapana, deki yako inakimbia. Kweli, tukachukua wimbo huohuo ambao nlikuwa nao kutoka CD, tukaweka saa, wa kanda uliisha sekunde kumi na moja kabla ya wa CD, na wa CD una dakika nne na nusu hivi. Asilimia nne! Ndo nikaelewa kwanini Picard haitambui nyimbo za kanda, ile alama ya sauti wimbo ukienda kasi na sauti kupanda hailingani tena na iliyoko kwenye hifadhi. Fundi wa mtaani aliingiza bisibisi ndogo kwenye tundu nyuma ya mota akazungusha kidogo sana, ikakaa sawa. Zile nilizokuwa nimesharekodi nilizirudisha mwendo ndani ya Audacity, unachagua wimbo wote unabadilisha kasi, sauti nayo inashuka pamoja. Baba akasikiliza. Akasema eeh, huyu ndo yeye.

Kuna hili la sauti kupishana, wimbo wa zamani uko chini unapandisha spika, unakuja wa juzi unapasua masikio ya nyumba nzima. Tafuta kitu kinaitwa ReplayGain kwenye programu yako, MusicBee inayo na foobar2000 inayo. Inapima kila wimbo ukubwa wake afu inaandika namba kwenye tagi, pleya ikisoma inapunguza au kuongeza yenyewe. Muziki wenyewe hauguswi. Niliacha ipime usiku kucha asubuhi ikawa imemaliza.

Baba alivyokaribia kuondoka nikamtengenezea flashi ya GB 32, kule nyumbani ana sabufa ya kuchomeka flashi. Hapa nako kuna mambo. Sabufa nyingi hazisomi FLAC, kwahiyo mpe MP3, MusicBee inageuza yenyewe wakati wa kuhamisha kwenye flashi huku za kwako zikibaki zilivyo. Flashi iwe FAT32, ndo mfumo unaouchagua ukiiformati. Na nyingi ya hizi redio hazipangi kwa alfabeti, zinacheza kwa mpangilio ule ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi, yaani kilichotangulia kunakiliwa ndo kinatangulia kucheza. Ukinakili kwa fujo itacheza kwa fujo. Nilinakili folda moja moja, ya kwanza nyota tano zake, ya pili Sikinde, ya tatu Msondo yote kuanzia NUTA, ya nne Morogoro, ya tano taarabu kwa ajili ya mama, kwasababu taarabu wimbo mmoja unaweza kwenda dakika kumi na tano na baba anakosa subira. Ule wimbo wa siku ya kwanza niliuweka namba moja kabisa, akiwasha tu unaanza.

Nakala ninazo tatu, moja kwenye laptopu, moja eksitenali inakaa kabatini, ya tatu eksitenali nyingine ipo Morogoro kwa baba mdogo, inakuja Dar mara mbili kwa mwaka nabadilisha. Diski zote siku moja zinakufa na wezi nao wapo. Nyimbo mpya haziingii kwenye mkusanyiko moja kwa moja, MusicBee ina sehemu ya Inbox, zinakaa hapo mpaka nizipe majina. Nikiwa na dakika kumi nasafisha tatu nne.

Nyimbo za dansi ambazo tulizitambua na hazikuwepo MusicBrainz nimeanza kuziingiza, nimeshafika 140 hivi. Ni fomu, unajaza bendi, wimbo, waimbaji kama unawajua, mwaka kama una uhakika tu, na alama ya sauti unaituma kutoka kwenye Picard yenyewe. Mtu wa Tabora au wa Muscat mwenye Track 07 yake akibonyeza kesho atapata jina, na atalipata kwa tahajia tunayoandika sisi na aina ya muziki tuliyoandika sisi.

Zimebaki 34 ambazo baba hakuzijua, na alikataa kabisa kubahatisha, akasema acha wazi. Nimeziwekea aina Dansi na mwimbaji nimeacha tupu. Nyingi ni za redioni, mwanzo umekatika, na nne kati yake nahisi ni za Tanga kwasababu ya zile gitaa. Kama una mzazi au babu aliyekuwa anafuata bendi miaka ya sabini, niandikie hapa chini nikutumie vipande, kimoja ni kama sekunde thelathini hivi, hakili bando. Mchezeshee bila kumwambia chochote kwanza, afu uniandikie atakachosema, neno kwa neno.